Wageni Waliokuja na Kitanda Chao

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na nilipoliona mara ya kwanza nilimwambia mume wangu kwamba siingii humo hata anibebe. Lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yetu, refu, rangi ya maziwa yaliyochacha, na mapazia ya maua madirishani. Ndani mlikuwa na vitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, na choo ambacho mtu mnene angelazimika kuingia kinyumenyume. Watoto waliliita kempa. Mimi nililiita mzigo.

Mume wangu ni mchomeleaji katika karakana moja ya Jacobs, mtaa wa viwanda hapa Durban. Bosi wake, mzee wa Kihindi anayeishi Isipingo, alilinunua gari hilo akiwa na ndoto ya kuzunguka nchi na mkewe. Mkewe akalala humo usiku mmoja, akasema basi, inatosha. Likakaa limefunikwa mpaka mume wangu alipopewa kazi ya kuziba kutu, na alipomaliza mzee akamwambia: karakana ikifungwa mwisho wa mwaka lichukue, uwatembeze watoto, ulirudishe safi. Mume wangu ni Mtanzania wa Kigoma, mtu wa kushukuru mara tatu kwa kitu kimoja. Alifika nyumbani bado anashukuru.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa, ndipo nikamkumbuka Yaya.

Yaya ndivyo sisi wa Kalemie tunavyomwita dada mkubwa. Wangu anaishi Newcastle, mbali na bahari, anashona nguo katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kizulu. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na ndiye aliyenitoa Kongo. Mgongo wake umeharibika. Daktari amemkataza kulala chini, akamwambia wazi kwamba akiendelea hivyo itafika siku hatanyanyuka. Lakini Yaya ana ugonjwa mwingine usio na daktari: mgeni akiingia kwake, kitanda ni cha mgeni. Mara ya mwisho tulipokwenda alitupisha kitandani, akatandika mkeka jikoni, tukabishana naye, tukashindwa. Asubuhi mume wangu na yule bibi wa Kizulu walimnyanyua kwa kumshika makwapani. Tangu siku hiyo tukawa watu wa simu tu. Nilikuwa na hamu naye mpaka namwota, lakini kwenda kumwona ilikuwa sawa na kwenda kumvunja mgongo.

Sasa hapa mlangoni palikuwa na kitanda chenye magurudumu.

"Tunaondoka lini?" nikamuuliza mume wangu. Akashukuru tena.

Tulingoja Krismasi ipite, kwa sababu nina saluni ndogo karibu na soko la Warwick, na mwezi wa Desemba vichwa vya Durban havina huruma. Vilipokwisha kusukwa vyote, vidole vikiwa vimekufa ganzi, nikapita sokoni kuchukua sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa, samaki wa chumvi, pilipili na unga wa muhogo. Mume wangu alipoona mifuko akauliza kama tunakwenda kutembea au kufungua duka. Nikamwambia ashike usukani.

Kituo cha kwanza kilikuwa bwawa karibu na Howick. Mimi na yeye tumekulia kwenye ziwa moja, kila mtu upande wake, na hatujawahi kukubaliana ni upande upi wenye samaki watamu. Tukasimama ukingoni tukiyaangalia maji yale.

"Ng'ambo inaonekana," mume wangu akasema kwa masikitiko.

Mimi nilishangazwa zaidi na watu. Walikuwa wamejaa ukingoni na mahema yao, wazee kwa vijana, na nyumba zao nzuri wameziacha mjini. Sehemu ya utoto wangu ilipita chini ya turubai la wakimbizi. Hema kwangu ni tope na foleni ya maji. Hawa wenzangu walikuwa wanalipa, na wanachagua mahali penye upepo! Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja wa Kizungu wa hema la jirani akaniletea biskuti ngumu za kuchovya kwenye chai, akidhani nina furaha ya likizo. Kufikia jioni nilikuwa nayo kweli. Binti zangu wawili waliogelea mpaka meno yakawa yanagongana, wakatoka wakala ugali na samaki wamejifunga mataulo, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa kuwa wao watakapokuwa wakubwa neno hema litawakumbusha siku ile. Sioni haya kuliandika hili.

Kituo cha pili kilikuwa Ladysmith, kwa mdogo wake mume wangu, ambaye ni kinyozi. Huyo hakutupa shida yoyote. Aliita mtaa mzima uje uone choo, kisha akalala yeye ndani ya gari na sisi akatuachia nyumba.

"Shemeji, hii kitu ni sharp kabisa," akaniambia asubuhi. "Ila yule dada yako mtamwambiaje?"

"Tumwambie nini? Atafurahi."

"Eish," akasema, akaenda zake kufungua duka.

Yaya tulimkuta amesimama getini, kitenge kipya, mkono mmoja kiunoni kuushikilia mgongo. Aliwakumbatia binti zangu mpaka wakalalamika. Alikuwa amepika tangu asubuhi. Ndani, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka mpya, mito imepangwa. Nyuma ya mlango wa jikoni nikauona ule mkeka, umekunjwa, unangoja usiku.

Nikasema haraka kabla moyo haujalegea. "Yaya, safari hii upumzike. Sisi tutalala kwenye gari. Lina vitanda, lina jiko, kila kitu. Wewe lala kitandani kwako."

Akachungulia dirishani. "Ile motokari? Iko na jiko?"

"Lipo."

"Na chakula iko ndani?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kupakua. Tukala. Tulipomaliza alinawa mikono, akajifuta, kidole kimoja kimoja, akanitazama.

"Mugeni gani anakuja na kitanda yake na jiko yake? Useme tu hautaki kufika kwangu."

"Yaya, ni kwa ajili ya mgongo wako."

"Mugongo ni yangu. Miye nililala chini ya turubai na weye ubavuni yangu, mvua inapiga, nikasema siku moja huyu mutoto atakuwa na ukuta. Bon. Leo niko na ukuta. Niko na mulango. Na weye unatoka Durban kuja kulala inje, mbele ya mulango yangu, batu bote banaona."

Mimi nikikosa jibu hupandisha sauti. Nikamwambia kwamba asipolala kitandani kwake tunageuza gari sasa hivi. Nilisema na mengine, ya hasira, ambayo binti zangu hawakupaswa kuyasikia. Yaya hakupandisha sauti hata kidogo.

"Kama munalala inje, na miye nalala inje."

Akauchukua mkeka nyuma ya mlango, akavuka ua akijishika kiuno, akautandika kwenye ardhi, mbele ya ngazi ya gari, akakaa. Mwenye nyumba, bibi wa Kizulu, akatoka barazani akauliza kuna nini. Mimi nililia kwa hasira. Nilikuwa nimekuja njia yote ile kuuokoa ule mgongo, na sasa ulikuwa unakwenda kulala juu ya changarawe.

Ndipo mume wangu akatoka. Alichuchumaa mbele ya mkeka, akamwamkia upya, kana kwamba ndiyo kwanza tunafika.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Kwetu Kalemie hatuna mazoea ya shikamoo, lakini Yaya amejifunza kuipokea na anaipenda.

"Tunaomba radhi, tumeanza vibaya. Hatukuja kulala kwako. Tumekuja kukuchukua. Hii ni nyumba yetu, tumeileta mpaka mlangoni kwako kwa sababu wewe huwezi safari ya taksi. Tunakwenda nayo bwawani jioni hii, na tunakuomba uwe mgeni wetu."

Nilimkodolea macho. Habari hizo nilikuwa nazisikia pale pale pamoja na Yaya.

"Mugeni?" Yaya akauliza. "Miye?"

"Wewe. Tumeoana miaka yote hii, dada mkubwa hajawahi kulala kwetu hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Kwetu mkubwa akikaribishwa na mdogo wake na akakataa, amemsusia nyumba na watoto waliomo, na hakuna asiyejua uzito wake. Yaya aliliangalia lile gari, mapazia yake ya maua na kutu iliyozibwa. Kisha akanyoosha mkono ili avutwe, akasimama, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kuchukua shali. Alirudi na sufuria kubwa, kisu, na nusu gunia la makaa.

Mume wangu akampokea vyote kwa adabu, akavirudisha jikoni kimoja kimoja.

"Shemeji," akasema, "mgeni gani anakuja na jiko lake?"

Bibi wa barazani alicheka bila kuelewa neno hata moja. Yaya alimtazama mume wangu kuanzia viatu mpaka kofia.

"Bofrere, shemeji yangu, weye uko mubaya sana," akasema, akapanda ngazi.

Bwawa la Newcastle liko nje kidogo ya mji. Tulifika jua bado liko juu, tukamweka Yaya kwenye kiti cha kukunja akitazama maji. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliipanga magotini, akaiondoa, akaanza kung'oa nyasi. Kila nilipogeuka alikuwa amesimama anatafuta sahani ya kuosha. Mwishowe nikawaambia binti zangu wamshike, mmoja kila upande, na wamfundishe Kiingereza cha shuleni mpaka chakula kiive. Akacheka. Alisema sombe yangu haikuiva vizuri, akala sahani mbili.

Wakati wa kulala alijaribu mara moja tu, alipouliza kama sakafu ya gari ni baridi. Nikamwambia hiyo haimhusu, kitanda ni cha mgeni, sheria ni yake mwenyewe. Akajilaza ili ninyamaze. Watoto wakapanda juu, kwenye kitanda cha dari, mimi na mume wangu tukatandika mito ya viti nje, chini ya turubai la ubavuni mwa gari. Nililala vizuri ajabu.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka, na jambo lililoniamsha lilikuwa ukimya. Popote Yaya alipo, asubuhi ina sauti: ufagio, maji yakimiminwa, kikohozi, sufuria. Hapakuwa na kitu. Watu wa mahema mengine walikuwa wanakunywa kahawa, watoto wangu wameshakwenda majini na baba yao. Niliogopa. Niliwaza kuhusu mgongo, nikawaza na mambo mabaya kuliko mgongo, nikapanda ile ngazi pekupeku.

Alikuwa amelala. Amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja chini ya shavu, anakoroma polepole. Kilemba kilikuwa kimefunguka, nikaona jinsi nywele zilivyojaa mvi, mimi ninayeshinda na vichwa vya watu. Nilisimama pale mlangoni. Nimezaa mara mbili, nimeanza kuota mvi na mimi, na sikuwa nimewahi kumwona dada yangu amelala. Utotoni nilifumba macho yeye yuko macho, nikafumbua yeye yuko macho, nikaamini hivyo ndivyo alivyoumbwa. Sikuwahi kujiuliza analala saa ngapi. Nilijua sasa kwamba alikuwa ananilinda, na kwamba hakuna aliyekuwa anamlinda yeye.

Mlinzi wa kambi akaja kuuliza kama tunaondoka leo, kwa sababu wapo wanaongojea nafasi. Nilimwonyesha kwa kidole kitandani, nikaweka kidole mdomoni. Akavua kofia, akaondoka kwa kunyata.

Binti yangu mdogo alirudi analowesha sakafu. "Mama, mbona unalia? Nimwamshe?"

"Mwache. Kamwambie baba asipige kelele."

Nikachemsha chai, taratibu, nikizuia kifuniko kisigonge. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile nikimfukuzia nzi kwa ncha ya kitenge, na sikumbuki asubuhi nyingine niliyomshukuru Mungu kwa kitu kidogo namna hiyo, pumzi ya mtu aliyechoka ikiingia na kutoka bila haraka.

Alipofumbua macho alishtuka, akataka kuinuka.

"Jua imetoka! Batoto bamekula?"

"Wamekula."

"Na chai nani alipika?"

"Mimi."

Nilimpa kikombe. Alikunywa akiegemea mto, akiangalia maji kupitia dirishani, wala hakugusa shuka kuikunja. Alipomaliza, nikadhani atashuka kwenda kukiosha. Badala yake alininyooshea kikombe kitupu, yeye ambaye hajapata kuniomba kitu tangu nizaliwe.

"Ongeza," akasema, akajilaza tena.