Siku Baba Aliponionyesha Nilipozaliwa

Baba alifika kutoka Singida akiwa na galoni la mafuta ya alizeti na ombi moja. Alitaka kuuona mji wa Morogoro wote kwa siku moja, na teksi hakuitaka.

"Mwenye teksi anakupeleka anakojua yeye," alisema. "Mimi nataka gari la watu."

Niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikapewa Ijumaa. Nilijua anachokitafuta hasa. Ujanani baba alikuwa dereva wa lori mkoani hapa, kwanza kwenye mashamba ya miwa, kisha kwenye kiwanda kimoja mjini. Tulihamia Singida nikiwa bado sijaanza shule. Mimi ndiye kitinda mimba wake, na nyumbani ilisemwa siku zote kwamba nilizaliwa Morogoro mjini. Nilipopangiwa kazi huku nilifurahi kama mtu anayerudi kwao. Hata wanafunzi huwa nawaambia, mimi ni mtoto wa hapa.

Asubuhi tulipanda daladala Kihonda, ninakoishi, tukashuka mjini. Baba alitaka kwanza stesheni ya zamani ya reli. Akasimama mbele yake kwa muda mrefu, akaitambua, akafurahi. Tulipofika sokoni furaha ikapungua. Alilitazama jengo la ghorofa, akanitazama mimi.

"Soko lilikuwa chini hapa. Limepandaje juu?"

"Wamejenga upya, baba."

"Aa." Hakutaka kuingia. "Twende nikakuonyeshe ulipozaliwa."

Tulitembea hadi Mji Mpya. Akakata kona mbili bila kusita, akasimama mbele ya nyumba ambayo chumba chake cha mbele sasa ni duka la simu.

"Hapa. Mama yako alikuzalia chumba cha nyuma."

 Nilipiga picha. Mama yangu alishafariki, na nilisimama pale nikijaribu kumwona akipita mlangoni na ndoo. Nilipogeuka, baba alikuwa ameinua uso anautazama mlima wa Uluguru, kakunja paji.

"Hapana," akasema. "Si hapa. Mlima haukai hivi."

"Unakaaje?"

"Jua lilikuwa linazama nyuma yake. Tulikuwa tunawasha taa mapema kuliko watu wengine."

Nilitazama mlima, nikatazama jua. Mlima uko kusini mwa mji. Jua halijawahi kuzama huko. Lakini nilidhani pengine mimi ndiye sielewi, kwa sababu baba alisema kwa uhakika mno.

Tukachukua bajaji hadi Mafiga. Huko alionyesha nyumba nyingine, yenye geti la kijani. "Hii ndiyo. Ile ya kwanza tulihamia baadaye." Nilipiga picha tena, safari hii moyo ukiwa nusu. Dakika tano hazikupita akatikisa kichwa. Mlima tena. Tukapanda gari la Bigwa, kwa kuwa alisema huko mlima uko karibu zaidi.

Bigwa alichagua nyumba ya matofali ya udongo iliyopigwa lipu upya. Barazani bibi mmoja wa makamo ya baba alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Baba akamweleza kwamba aliwahi kupanga chumba hapo. Bibi akaacha kuchambua.

"Mzee mwenzangu, nyumba hii aliijenga baba yangu. Mimi nimezaliwa humu. Hatujawahi kupangisha."

"Labda umesahau."

"Na jua je, linazamia wapi hapa?" nikadakia, sijui kwa nini.

Bibi akanyoosha mkono upande wa mjini, mbali kabisa na mlima. Baba akakaa kwenye baraza bila kuambiwa aketi. Hapo ndipo nilipompigia simu dada yangu mkubwa, nikaweka sauti ya juu ili baba asikie.

"Nani kakwambia mjini?" dada alicheka. "Wewe umezaliwa Turiani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga. Mjini tumekuja wewe unatambaa."

"Sasa mbona wote mlikuwa mnasema Morogoro?"

"Si ndiyo Morogoro hiyohiyo? Mkoa mmoja."

Nilipokata simu, baba alisema, "Dada yako alikuwa mtoto."

"Alikuwa na miaka minane, baba."

Akainua uso tena kuutazama mlima. Kisha akasema polepole, "Namwona mama yako kakaa nje, kakupakata, nyuma yake mlima. Namwona kama ninavyokuona wewe. Sasa ule ni mlima gani?"

Aliniuliza kana kwamba nilikuwepo. Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia, kisha nikaona haya kwa kumkasirikia. Mwenyewe sikujua nimepoteza nini. Asubuhi nilikuwa na mahali pa kuzaliwa. Mchana nilikuwa na nyumba tatu ambazo si zangu, na kijiji nisichowahi kukanyaga.

Bibi alileta mihogo ya kuchemsha na chai. "Milima ya mkoa huu ni mingi," alimwambia baba. "Kula kwanza."

Jioni tulishuka Msamvu kubadili gari. Pale stendi baba alimwona kondakta anaita abiria wa Turiani, akamfuata, akamuuliza gari la kwanza la asubuhi linaondoka saa ngapi. Akajibiwa. Alirudi nilipokuwa nimesimama.

"Kesho Jumamosi," nilimwambia. "Sina kipindi. Twende."

Alilitazama basi la Turiani mpaka likajaa, likaondoka.

"Na tukifika, na penyewe nisipopatambua?"

 Nilimshika mkono, tukavuka barabara, tukasimama kusubiri gari la Kihonda.