Gati aliyezima mtandao wake mwenyewe Kenyamonta

Saa mbili asubuhi, Gati Machage yuko juu ya mnara wa chuma, mita kumi na nane kutoka ardhini, mkanda wa usalama kiunoni na spana mkononi. Huku chini, kwenye kilima cha Kenyamonta wilayani Serengeti, ng'ombe wanaendelea na majani yao. Mwandishi wa habari hii, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kubadilishia balbu, anamtazama mpaka shingo inamuuma.

Gati anafunga redio mpya ya kurushia mtandao. Simu yake ameiweka spika, na upande wa pili yuko Abdallah, muuza vifaa vya umeme mjini Mugumu, aliyemruhusu kufunga redio nyingine juu ya paa la duka lake ili hizi mbili zitazamane.

"Sabini na tisa," Abdallah anasoma kwenye kompyuta. Namba ikishuka, mawimbi yanashika vizuri zaidi. "Sogeza kulia. Kidogo, dada, kidogo! Sitini na nne. Hapo hapo, usiguse!"

Gati anakaza nati. Kwa wiki tano, kaya arobaini na moja na zahanati ya kijiji hazikuwa na mtandao wake. Aliyeuzima ni yeye mwenyewe.

Gati ana miaka thelathini na sita. Alijifunzia kazi kwenye duka la kompyuta mjini Tarime, na miaka minne iliyopita akakata leseni ya kusambaza mtandao bila nyaya. Mabonde ya huku yanameza mawimbi ya simu, kwa hiyo wateja hakuwatafuta sana. Kila kaya hulipa shilingi elfu ishirini kwa mwezi.

Redio zake tatu za kwanza alizinunua Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari.

"Sisi tumezoea hivyo," anasema. "Sukari inatoka ng'ambo, mabati yanatoka ng'ambo. Kitu kikishavuka Sirari kimelipiwa ushuru, nani atauliza tena?"

Waliuliza maofisa wawili wa ukaguzi wa mawasiliano, waliofika mwezi Machi na kutaka uthibitisho wa vifaa vyake. Gati hakubabaika hata kidogo. Alipanda, akashusha redio moja na kuwaonyesha mgongo wa redio wenye lebo.

"Kwa madaha kabisa!" anasema, na kucheka mpaka anafuta machozi. "Ile lebo nilikuwa naifuta vumbi kila nikipanda, isije ikafifia."

Lebo ilikuwa halali. Ila ilikuwa ya Kenya.

"Mama, hii imethibitishwa kwa majirani," ofisa mmoja alimwambia kwa upole. "Kwetu, kifaa kinachorusha mawimbi lazima kiwe kimethibitishwa hapa."

Walimtaka azime mpaka mambo yakae sawa, wakaandika ripoti yao, wakaondoka. Hawakufunga kufuli wala kubandika utepe. Swichi ilibaki mikononi mwa Gati, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

"Hao saa hizi wameshafika Musoma," Kisyeri, shemeji yake, alimwambia mbele ya watu. "Washa, bwana. Nani atapanda huku kuangalia?"

Gati alizima. Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba, akieleza kosa lake mlango hadi mlango. Wapo waliomwelewa, wapo waliomfungia mlango.

Kezia, muuguzi wa zahanati, alikuwa analazimika kupanda bodaboda hadi mlimani ili atume taarifa za wagonjwa. "Nilimnunia wiki nzima, sikufichi," anasema. "Nilimwambia, Gati, niwashie mimi tu, nusu saa. Akaniangalia, akaondoka."

Gati anakiri kwamba siku hiyo alikwenda hadi kwenye swichi na kuishika.

"Mnara ni wangu, nimeuchomelea mwenyewe. Hewa si yangu," anasema. "Kuna redio za askari wa wanyamapori, kuna za watu wa magari ya wagonjwa. Nikiwaingilia nitajuaje? Nikaachia swichi, nikalia, nikaenda kukamua."

Alisafiri hadi ofisi ya mamlaka ya mawasiliano mjini Mwanza, redio zote tatu kwenye kikapu, zimeviringishwa kwa khanga. Huko alielezwa kwamba uthibitisho hutolewa kwa modeli. Modeli mbili kati ya zake zilikuwa tayari kwenye orodha ya Tanzania. Ya tatu, ile iliyounganisha Kenyamonta na Mugumu, mtandao unakotoka, haikuwamo.

Ikabidi auze mtamba wake anunue nyingine. Mumewe, Nchagwa, alinung'unika siku mbili, kisha akamswaga mtamba mwenyewe hadi mnadani.

Gati anashuka mnarani. Simu ya Kezia, aliyekuwa akisubiri kwenye nyasi, inaanza kulia mfululizo kwa ujumbe uliokwama. Kezia anamkumbatia hivyo hivyo na mafuta yake ya nati.

Si wote waliosubiri. Kaya kumi na moja zimehamia bando za simu, zishike zisishike, na mojawapo ni ya Kisyeri.

"Inaniuma, nisikudanganye," Gati anasema. "Watu wengine nimewafungia mtandao kwa mkopo walipokuwa hawana kitu."

Lakini habari za mwanamke aliyezima zilisafiri. Wiki iliyopita kamati ya shule moja ya Nyansurura, ambako hana hata mteja mmoja, ilimwandikia barua ikimwomba apeleke mtandao.

"Wauza mtandao wanakuja wengi hapa, kila mmoja anasema wa kwake haukatiki," anasema mwenyekiti wa kamati, Waitara. "Huyu alizima mchana kweupe, akapita mwenyewe kusema nimekosea. Tukasema basi, tunamtaka huyo huyo."

Gati anataka shule hiyo iwe hewani kabla ya muhula ujao. Keshokutwa atakwenda Nyansurura kukutana na kamati na kutafuta kilima kinachofaa. Anapoulizwa atabeba redio gani, anatikisa kichwa.

"Safari hii natangulia na vyeti," anasema. "Redio itafuata."