Gunia la Bakari na Kliniki ya Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana pale Msambweni alilitazama buibui langu, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwamkia shikamoo, nikamjibu nimekuja kufungua injini. Ubishi niliurithi kwa mama yangu kule Munje, na sikuuacha hadi nilipostaafu mwaka jana.

Nyinyi wa bodaboda, nisikizeni. Injini ya pikipiki zenu haina maji ya kuipoza. Hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi, vile vibati vinavyoizunguka silinda, na oili inayozunguka ndani. Joto likizidi, oili huwa nyepesi kama maji, vyuma husagana na pistoni hukwama. Jua letu hili lataka oili nzito, ibadilishwe mapema, ipimwe kila asubuhi. Na injini iliyochemka msiimwagie maji, itapasuka. Wangapi nimewaona wakifanya hivyo, wallahi!

Baadaye nilihamishiwa Kinango. Huko pikipiki ya kupeleka chanjo vijijini ilikuwa imekwama injini mara mbili, na Afisa Usafiri aliilaumu oili. Nikaibadilisha. Ikakwama tena njiani, chanjo zikaharibika kwa joto, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wakarudi na watoto wao vivi hivi. Liliniuma sana lile. Afisa akasema ikikwama tena, kliniki ya Ijumaa itafungwa.

Neno Ijumaa likanikaa kichwani. Mara zote tatu ilikwama Ijumaa; mbona safari ya Jumanne haikwami? Ijumaa iliyofuata nikaenda mapema kumtazama dereva wetu, Bakari, akijitayarisha. Alikuwa na kanzu nyeupe pe, kwa kuwa swala ya Ijumaa huiswali huko huko safarini. Ili vumbi jekundu lisimchafue, alikuwa amefunga gunia kwenye vyuma vya mbele vya kukinga miguu, likaiziba injini yote.

“Bakari mwanangu,” nikamwambia, “kanzu umeiokoa, injini umeipika.”

Akanuna. Afisa naye akacheka, eti gunia liue injini. Nikamwambia kama nimekosea nitaacha kazi nikauze mihogo. Mdomo wangu huu! Nikafunga kipimajoto cha oili, kifuniko cha oili chenye mshale wa kuonyesha joto, nikapanda nyuma ya Bakari na sanduku la chanjo mapajani, gunia likiwa pale pale.

Hatujamaliza mlima wa kwanza, mshale ukaingia kwenye alama nyekundu ya hatari. Tukasimama kivulini, Bakari akalifungua gunia mwenyewe, tukangoja injini ipoe. Tulipoondoka, milima ilikuwa mikali zaidi na jua limepanda, lakini mshale haukuvuka katikati. Tulifika chanjo zikiwa baridi. Akina mama walipiga vigelegele, nami nililia mbele za watu bila haya.

Kanzu ya Bakari ilikuwa nyekundu hadi kifuani, akaswali nayo hivyo hivyo. Tangu siku hiyo kanzu husafiri imekunjwa ndani ya mfuko, huivaa akifika msikitini. Afisa aliniita ofisini akasema, “Fundi, umenishinda.” Nilimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya karakana nzima, akayarudia.

Nilipoagwa nikistaafu, madereva walikuja wamevaa vizuri. Bakari alikuja na kanzu ile ile, doa halijatoka, ameivaa makusudi. Akaniambia Ijumaa hiyo amewapeleka kliniki wauguzi wawili badala ya mmoja, kwa safari mbili, maana watoto wa kuchanjwa wamekuwa wengi.