Gauni la Feza

Nakumbuka siku moja, mwanangu Odette, nilimsikia mtoto kabla sijamwona. Nilikuwa nimesimama barazani kwenye nyumba ya masista huko Chingola, upande wa Zambia, mlango ungali umefungwa, na ndani kijiko kilikuwa kinagonga sahani ya bati, taratibu, bila hasira. Sista akacheka. "Ni Bwalya huyo. Akitaka kuongezwa chakula haombi. Anagonga."

Kaa kwanza. Pikipiki itakungoja. Chukua wembe huu na lile blanketi ulilolikunja juu kabisa ya valizi, ulilolidarizi jina Neema kwa uzi mwekundu. Anza kufumua huku ukinisikiliza. Usinitazame hivyo. Najua umelibeba jina hilo moyoni miaka tisa ya kungoja mtoto. Lakini barua iliyotoka Solwezi, kulekule Zambia, inasema mtoto unayekwenda kumchukua anaitwa Kunda na ana miaka sita. Kosa unaloliendea mimi nimeshalifanya.

Watu wananiita Mama Feza. Feza wangu humkumbuki. Homa ilimchukua akiwa na miaka mitano, nawe ulikuwa mdogo bado kwa mama yako, hapo jirani. Miaka miwili baadaye tulisikia habari za mtoto wa kike aliyefiwa na wazazi Chingola, ndugu zake hawajulikani. Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya madini ya Kingamyambo, hapa Kolwezi, hakupata likizo. Basi nilivuka mpaka wa Kasumbalesa peke yangu na valizi moja, na ndani yake nguo za Feza. Zote. Nilizifua, nikazipiga pasi, nikateremsha pindo, kwa sababu huyu angekuwa mrefu kidogo.

Unajua desturi yetu. Jina la marehemu humrudia mtoto anayezaliwa nyuma yake. Wewe mwenyewe una jina la shangazi wa baba yako. Nikajiambia ni vilevile tu. Sikufikiri kwamba mtoto mchanga hana jina jingine la kuvuliwa.

Masharti ya kule yalikuwa haya: nikae na mtoto wiki tatu palepale Chingola, kisha bibi wa ofisi ya watoto aje atuangalie. Akiona mtoto hajatulia kwangu, mtoto anarudi kwa masista, nami narudi Kolwezi peke yangu kama nilivyokuja. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Bana Chanda, yaani Mama Chanda, muuza samaki wakavu, aliyekulia Likasi na kusema Kiswahili chetu.

Nilimwita mtoto Feza. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti ya juu. Alikula kama mgeni, tonge dogo dogo, akashukuru, akaenda kukaa pembeni. Kijiko hakikugonga hata mara moja. Nami nikasema ni mkaidi, atazoea.

Jumapili ya pili nilimvika gauni la njano la Feza, lenye kola nyeupe, twende misa. Hakulia. Nilitoka kuchota maji. Niliporudi alikuwa amelivua, amebaki na shimizi, na gauni amelikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, ameliweka kwenye kiti karibu na mlango. Akaniuliza kwa Kibemba, kwa heshima kabisa, mwenye gauni atakuja kulichukua lini.

Nikamwambia avae. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Bana Chanda alikuwa uani anachambua maharagwe, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mama Feza, kuya hapa. Ikala," akaniita, akinisogezea kigoda.

"Tunachelewa misa, mama."

"Mungu haiko na taxi ya kukamata. Ikala. Ule mutoto, jina yake nani?"

"Feza."

"Feza ni ule mwenye ulizika. Mi nauliza ule mwenye iko mu chumba."

Nikageuka nirudi ndani. Akaendelea.

"Ulimutosha kwa basista, ukamuleta hapa, na kila siku unamwambia atoke, mwengine aingie. Ataenda wapi? Yeye ameona nguo iko na mwenyewe. We hauone ata mutu mwenye unavalisha."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwambia neno ambalo mpaka leo nalionea aibu. "We mama haujazika mutoto."

Hakuinua macho. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa pembeni. "Batatu," akasema.

Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa chini sakafuni, na kwa Kibemba changu kibovu nikamwambia mtoto kweli yote. Mwenye gauni ni Feza. Alikuwa mtoto wangu. Amekufa, hatakuja kulichukua. Nimelileta kwa sababu nilikuwa namtafuta. Na wewe ni Bwalya.

Akauliza kama Feza anajua kwamba nimegawa nguo zake. Nikasema sijui. Akafikiri kidogo, akalichukua gauni, akaniwekea mapajani. Tulilirudisha pamoja ndani ya valizi, ili tuisukume chini ya kitanda. Komeo lilikataa kushika, basi alikaa juu ya kifuniko mpaka likashika.

Usidhani alinikumbatia. Nilikata kitenge changu nikamshonea gauni, akachagua mwenyewe mfuko ukae upande gani. Kila asubuhi nilisema, "Bwalya," nikangoja. Siku nyingine aliitika. Siku nyingine alinipa mgongo mpaka jioni, nami nikabaki palepale, nikichambua maharagwe yasiyo na jiwe. Nilikuwa nimeamua kwamba sitaondoka, wala sitamvuta.

Bibi wa ofisi alikuja tunakula. Akamwuliza Bwalya, "Huyu ni nani?"

"Ni Mama Feza," mtoto akasema. "Feza alikufa. Mimi ni Bwalya."

Kalamu ya yule bibi ilisimama. Mimi nikajua yamekwisha. Nilitaka kusema kitu; Bana Chanda akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Unataka kwenda naye Kolwezi?"

"Amesema kule kuna vumbi jingi sana."

"Kwa hiyo hutaki?"

Bwalya akanitazama. Alikuwa amemaliza maharagwe yake bila mimi kuona. Akashika kijiko, akagonga sahani, taratibu, kama siku ile nyuma ya mlango. Nikamwongezea. Bibi wa ofisi akaendelea kuandika.

Neno "mama" lenyewe lilikuja miezi mingi baadaye, hapa nyumbani Manika, akiwa bafuni anataka sabuni. Nililia nikiwa nimeishika sabuni mkononi, yeye anapiga kelele macho yanamwuma. Leo ni muuguzi katika mji wa Fungurume. Alipozaa binti wa kwanza alimleta hapa, akamlaza mikononi mwangu, akasema, "Mama, huyu ni Feza." Sikumwomba. Hata sikuthubutu kuota.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usimwendee Kunda ukiwa na mtoto mwingine tayari kichwani. Mwite kwa jina alilokuja nalo. Akikuuliza swali gumu, mwambie kweli, hata kama Kibemba chako kitavunjika njiani. Akikupa mgongo, kaa hapo hapo nyuma yake, asikukose atakapogeuka. Na usihesabu siku.

Naona umefika herufi ya mwisho. Matundu ya sindano yanaonekana, yaache. Akiuliza yalikuwa nini, utamwambia.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akuvushe mpakani salama kwenda na kurudi. Akupe masikio ya kumsikia mtoto huyo hata akinyamaza. Nyumba yako ijae vyombo vinavyogongwa. Haya, pikipiki inapiga honi. Uvute mlango vizuri, vumbi lisiingie.

Odette akalikunja blanketi, akabeba valizi, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na mezani zikabaki nyuzi nyekundu.