Gari Lenye Uso Wangu

Mmenisumbua mara hii, mara ile: mama, tuandikie maisha ya mdogo wako, tuyabandike ukutani klabuni. Alipokuwa hai hamkutaka hata kumsikiliza, leo mnataka maisha yake yote. Haya, shikeni. Mwandiko mbaya mtauvumilia, mmeutaka wenyewe.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Kutwa nyundo mkononi, anarudisha mlango uwe kama ulivyotoka kiwandani. Akifika nyumbani hataki kuona kitu kilichonyooka. "Dada," aliniambia, "nimechoka kunakili." Ndipo akaanza kuvitengenezea bodi vile vigari vyenu vya umeme, vinavyokimbia mezani huku kijipini cha chini kimezama kwenye mfereji wa njia, na mwenye gari ameshika swichi ya mwendo. Nyinyi mlivivika bodi za magari ya barabarani. Yeye akatengeneza kiatu chenye mapezi. Akatengeneza birika linalopiga chafya.

Alichonga umbo kwenye mti laini, kisha akapasha karatasi ya plastiki inayoonyesha kama kioo, juu ya jiko langu, mpaka ikalegea kama nguo mbichi, akaivutia juu ya umbo. Jikoni kukanuka, nami nikafoka. Akanikodolea macho, akachukua penseli.

"Usisogee."

"Unafanya nini wewe?"

"Endelea kufoka tu, dada. Unanisaidia."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Dada Kanuna: uso wangu hasa, mashavu yamefunika matairi, mdomo umechongoka mbele. Nikamnunia kutwa, kumbe ndiyo namwongezea kazi.

Rangi aliipaka kwa ndani. Kwa hiyo huanza na kile kinachotakiwa kuonekana juu kabisa: mboni, kisha weupe wa jicho, kisha mikunjo ya paji. Ngozi huja mwisho. Ukitanguliza ngozi, umeziba kila kitu.

Siku alipompeleka klabuni mlicheka mkashika mbavu. Nilikuwepo.

"Mzee, hili ni gari au mama mkwe?" mwenyekiti wenu akauliza.

"Weka lako hapo, tuone kama litamsalimia," mdogo wangu akamjibu.

Mkakubali, kwa majaribio tu. Kwenye ile kona kali kigari chekundu cha mwenyekiti kikaruka, kikaenda kulala sakafuni. Dada Kanuna akapita, amenuna vilevile. Kicheko kikakauka. Jumamosi iliyofuata mkasoma sheria mpya: bodi lazima ifanane na gari la kweli.

Mdogo wangu hakujua kubembeleza mtu, lakini siku hiyo nilimsikia: "Niruhusuni mbio moja tu ya kweli, hata niwe wa mwisho."

"Tuna hadhi ya kulinda, mzee wangu," mwenyekiti akasema.

Hadhi! Watu wazima na vigari vya kuchezea. Na bado mjinga yule aliendelea kuja, anawaokotea vigari vyenu vikianguka, Dada Kanuna yuko mfukoni, anasubiri roho zenu zilainike. Alisubiri mpaka akaugua, akafa anasubiri.

Mlipokuja kunipa pole mliomba lile umbo la mti, eti mumuenzi. Nikawapa. Juzi nimepita klabuni. Mmevuta bodi nyingine, mmeitundika ukutani na maua ya plastiki. Mmepaka ngozi kwanza! Macho yamebaki nyuma, mikunjo imezama, hakuna uso pale, ni kiazi. Chini yake mmeandika, "Mbunifu wetu." Wenu tangu lini?

Sasa nisikilizeni. Kiazi hicho kishusheni. Dada Kanuna wa kweli ninaye mimi, na matairi yake yanazunguka. Jumamosi nakuja naye. Ile sheria ifuteni mbele yangu, kwa sauti, kama mlivyoisoma. Mpangeni mstarini pamoja na vyenu, mbio za kweli, si majaribio. Mwenyekiti aendeshe mwenyewe, asimtume mtu. Upande wa mdogo wangu swichi nitaishika mimi. Na kiti kiwekwe karibu na meza, maana sitasimama kumsubiri mtu.