Muuguzi wa Mizani na Vitenzi Arobaini vya Kuongezeka

Saa moja na robo asubuhi, mtoto wa kwanza ananing'inia kwenye mzani ndani ya kaptura ya turubai, analia kwa nguvu zake zote. Muuguzi anamshika kisigino atulie, anasubiri mshale uache kuchezacheza, kisha anasoma kwa sauti na kuweka nukta kwenye kadi.

"Kilo saba na mia mbili, mama. Kaongeza mia nne. Endelea hivyohivyo," anasema, na tayari anampokea mwingine.

Kabla ya saa sita atakuwa amepima watoto sitini na wawili. Kina mama wanamwita Mama Mizani, na wengi wao hawajui jina lake lingine. Ana miaka kumi na minne katika chumba hiki chenye dirisha moja na mabenchi matatu. Mpe kadi yoyote, atatazama ule mstari wa nukta na kukwambia mtoto aliugua mwezi gani na alianza uji lini.

Sasa sikia kituko. Mwanamke huyuhuyu ameanguka mtihani wa Kiingereza mara tatu, na kila mara kaangushwa na swali lilelile: unapewa mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, uueleze kwa maneno.

"Mchoro uniangushe mimi," anasema, akifuta mzani kwa kitambaa kana kwamba ndio uliomkosea. "Mimi ninayeshinda na michoro toka asubuhi."

Na si mtihani wa kujifurahisha. Chuo kimempa nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi wa watoto, miaka miwili, kwa sharti la cheti cha Kiingereza. Kimeshamwahirishia mara mbili, na barua ya mwisho inasema waziwazi kwamba hakuna mara ya tatu. Mtihani ni Jumamosi hii. Ada yake inakula karibu theluthi ya mshahara. Mumewe, fundi viatu, siku hizi haulizi kitu, anatoa tu.

Mara ya kwanza ilimponza tabia ya kazini. Mstari ulipopanda aliandika "increase", ukapanda tena akaandika "increase", mara tisa kwenye ukurasa mmoja. Kliniki ndivyo walivyofundishwa: kitu kimoja kiitwe jina moja, ili muuguzi wa kesho asibabaike. Wasahihishaji wakaona huyu hana msamiati.

Akajiunga na tuisheni. Mwalimu, bwana mmoja nadhifu asiyependa maswali, akagawa orodha ya vitenzi arobaini vya kuongezeka, kuanzia "rise" na "grow" hadi "surge", "soar" na "rocket". Amri ilikuwa moja tu: ni marufuku kurudia kitenzi kwenye ukurasa mmoja. Vyote maana yake ni ileile, aliwaambia, chukua unachokipenda.

"Nikamuuliza, kwani mwalimu, aliyepanda ngazi moja na aliyerushwa hadi paani wamefika pamoja? Akasema mama usitupotezee muda, kariri."

Basi akakariri. Orodha moja ikabandikwa juu ya sinki la jikoni, nyingine nyuma ya mlango wa choo. Binti yake akawa anamsikilizisha huku sufuria zinaungua. Mara ya pili alipungukiwa alama chache tu za kufaulu. Mara ya tatu alivitapika vitenzi vyote jinsi vilivyo, na safari hii wasahihishaji wakasema anatia chumvi. Jamani, mtu afanyeje?

Lakini kinachomuuma hasa si hicho. Akifika hapa katika kusimulia anainuka, anafunga mlango wa chumba, ndipo anaendelea.

Wiki mbili baada ya mtihani wa tatu, aliletwa mtoto wa miezi minane aliyeongeza gramu sitini kwa mwezi mzima. Huyo ni mtoto wa kurudishwa baada ya wiki moja, hakuna mjadala. Nukta aliiweka sawasawa. Ila sehemu ya maelezo huandikwa kwa Kiingereza, mazoea ya miaka mingi, na kichwa kilikuwa kimejaa ile orodha. Mkono ukaandika "soared". Yaani amepaa. Kwa gramu sitini.

Mwenzake wa meza ya pili, anayepanga tarehe za kurudi, alikuwa na foleni hadi mlangoni. Alisoma neno, nukta hakuitazama, akampangia mama mwezi ujao.

Mama Mizani aliligundua kosa siku ya tatu, alipokuwa akinakili kadi kwenye daftari kubwa. Alitoka na sare yake, akatembea hadi nyuma ya kiwanda cha matofali, mtaa wa yule mama, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Alimkuta mtoto amelala kimya, midomo imekauka, anaharisha tangu juzi. Mama yake hakuwa na wasiwasi mkubwa. Alikuwa amempelekea jirani kadi amsomee, jirani akamwambia mtoto wako anapaa.

Mtoto alilazwa siku tano, akapona. Muuguzi alijiripoti mwenyewe na kupewa barua ya onyo.

"Nilimwambia yule dada ukweli wote, kwamba neno nililoandika halikuwa la mwanawe. Hakunitukana. Bora angenitukana."

Siku hiyohiyo aliibandua orodha ukutani. Akakaa mezani na kalamu, akaandika gramu mbele ya kila kitenzi: hiki cha sitini, hiki cha mia tatu, hiki sijawahi kuona mtoto wa kukistahili. Kati ya arobaini akabakiza saba. Mwalimu wa tuisheni ameshamwonya kwamba saba havijazi ukurasa, atarudia na atakatwa alama. Amemjibu kwamba atarudia.

Aliomba pia sehemu ile ya maelezo iandikwe kwa Kiswahili. Mkuu wa kituo hakumkatalia, alimweleza tu kwamba mapendekezo ya kubadili kadi hupokelewa kutoka kwa wenye shahada. Akikumbuka jibu hilo anacheka kwa hasira.

"Yaani mpaka nifaulu Kiingereza ndipo niruhusiwe kuandika Kiswahili. Haya. Jumamosi naingia na saba vyangu. Mstari ukipanda kidogo, nitasema umepanda kidogo, wakate wanachokata. Nikipita, baada ya miaka miwili narudi hapahapa, na mama atasoma kadi ya mwanawe mwenyewe, asiende kumuuliza jirani."