Fundi wa Boti Aliyeishi Mbali na Ziwa

"Ilizimika yenyewe, au mliizima?" Hilo ndilo swali aliloniuliza fundi siku ya kwanza tulipokutana. Nimelikumbuka kwa sababu siku ya Jumanne wiki iliyopita mwenye duka la spea mjini Kisii, mzee wa Kihindi aliyefanya kazi ukuta kwa ukuta naye kwa miaka mingi, alinipigia simu kunijulisha kwamba fundi amefariki, na kwamba wameshampeleka kwao ziwani kumzika. Hakuugua kwa muda mrefu. Kurasa za mbele za magazeti hazitaandika habari zake, basi nimeona niziandike mimi hapa kwenye safu yangu. Alitengeneza jenereta, mashine za kusaga mahindi na misumeno ya petroli, lakini sifa yake ilikuwa injini za boti. Watu wa ufuoni walizipandisha milimani kwa pikapu ili azitazame. Niliwahi kumuuliza ni akili gani hiyo, fundi wa boti kukaa mji usio na ziwa. Akanijibu bila kuinua macho, "Madam, kule ufuoni kila mtu ni fundi. Huku niko peke yangu."

Tulifika kwake kwa sababu ya baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa Manga, na alikuwa amekubaliana na rafiki yake wa ziwani kwamba rafiki atatoa boti naye atatoa injini, wapeleke ndizi na mboga za Nyamira visiwani na kurudi na samaki. Injini aliyoipata ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka yote. Ilikaa nyumbani wiki mbili, na majirani hawakumwacha apumue. "Mwalimu, hiyo meli utaiegesha kwenye majani chai?" mmoja alimpigia kelele kutoka barabarani, nami nilikuwepo nikasikia. Baba alicheka, ila si sana. Mara nyingine walipomcheka sikuwepo. Kazi yangu ilikuwa Nyamira mjini, na nilikuja nyumbani Alhamisi moja baada ya baba kunipigia simu akisema injini imegoma na anahitaji mtu wa kumsindikiza Kisii. Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho. Injini isipofika ufuoni siku hiyo, rafiki yake angempa mtu mwingine nafasi, na baba angebaki Manga na chuma chake na vicheko vya majirani.

Fundi aliifunga injini kwenye ubao mnene juu ya pipa la maji, akaanza kazi yake kwa utaratibu ambao sijauona hata maabarani. Alilegeza kifuniko cha tangi ili hewa iingie. Akaminya mpira wa kusukuma mafuta hadi ukawa mgumu mkononi. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma na kuvuta kamba, tukaona cheche ya buluu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na sikuweza kunyamaza. "Mafuta yapo, cheche ipo. Basi ni kabureta," nikasema. "Ngoja, madam injinia," akanijibu. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba ili apime msukumo wa hewa ndani, akamwomba baba avute kamba. Akatikisa kichwa. "Pumzi ni kidogo. Hii imepata joto." Hapo ndipo aliponigeukia, labda kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisema sana, akaniuliza lile swali. Nilimtazama baba. Baba alikuwa akiangalia maji ndani ya pipa. "Sijui vizuri," akasema. "Nadhani ni uzee tu."

Fundi hakumbana. Alipangusa mikono, akanitazama. "Madam, nenda hapo dukani uniletee plagi mpya."

"Lakini si tumeona cheche? Ya buluu kabisa!"

"Nimeiona. Leta plagi."

Nilienda huku nikinung'unika. Dukani kulikuwa na foleni, na mwenye duka hakuwa na haraka. Niliporudi baada ya kama nusu saa, baba alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati, ameshika mguu wa injini, ile sehemu ya chini inayozama majini, na fundi alikuwa akiufungua. Hakuna aliyekuwa ametaja huko chini kabla sijaondoka. Akatoa kigurudumu cha mpira, mabawa yake yameyeyuka na kushikana kama sandali iliyoangukia motoni. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo pampu inayovuta maji ya ziwa ili kupoza injini. "Ningetengeneza juu peke yake, ingewaka vizuri hapa kwenye pipa, mngenishukuru, mwende. Halafu ingewafia katikati ya ziwa na mizigo na watu." Nikamuuliza amejuaje aangalie huko. "Injini imeniambia," akasema. Plagi yangu aliitia mfukoni, hakuifunga.

Ijumaa alibadilisha ringi, gasketi na kile kigurudumu cha mpira, akavuta kamba mara nne, na injini ikanguruma. Kitundu cha ubavuni kikaanza kutema maji. "Inakojoa!" fundi akapiga kelele. "Mwalimu, usimwamini mgonjwa asiyekojoa!" Baba alicheka hadi akashika ukuta. Jumamosi alifika ufuoni mapema kuliko rafiki yake, na boti ile ilifanya kazi kwa miaka.

Mimi sikuridhika. Wasomaji wa zamani wa safu hii mtakumbuka niliandika kuhusu mafundi wetu wanaofanya ujuzi kuwa siri, wanaokuagiza spea usizozihitaji na kukujibu kwa mafumbo unapouliza sababu. Mliniandikia kunipongeza. Fundi niliyekuwa nikimwandika ni yeye.

Jumapili nilienda Manga kumpa baba habari za msiba. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwangu miaka yote hii. Katika wiki zile za vicheko alikuwa ameifunga injini kwenye nguzo ya zizi na kuiwasha, hapa hapa mlimani, bila tone la maji, ili majirani waisikie. "Wakanyamaza," akasema. "Nikaiacha ingurume. Halafu ikanuka moto, ikazimika yenyewe." Sisi watu wa milimani tunazijua injini za pikipiki, na pikipiki haihitaji ziwa. Nani angemwambia?

Kwetu Gusii kuna kitu kinachoitwa chinsoni, haya na heshima inayomzuia mzazi kuvuliwa nguo mbele ya mtoto wake, hata kwa maneno. Nimebishana na chinsoni tangu nikiwa shule, na bado nabishana nayo, kwa sababu najua nyumba ambamo imeficha mambo mabaya kuliko injini iliyoungua. Lakini nilidhani swali likiwa la kweli linaweza kuulizwa popote, mbele ya yeyote, na asiyelijibu ana hila. Mtu aliyekuja kwetu kutoka kaunti nyingine alijua kwamba baba hawezi kusema ukweli huo nikiwa nimesimama pale, na kwamba asipousema watu wanaweza kufa majini. Tangu Jumapili ninajiuliza ni wangapi niliowahoji kwa ajili ya safu hii, nikawaandika kuwa waongo, kumbe nilikuwa nimewauliza mbele ya watu wao.

Nilimuuliza baba fundi alitumia maneno gani kumfanya aseme. Akasema hakutumia neno lolote. Nilipotoka, fundi alivuta kigoda, akaketi akimpa baba mgongo, akawa anakaza boliti zilizokuwa zimekazwa tayari, hadi baba alipoanza kusema mwenyewe.